Mbunge Hakatwi

Siku yangu ya mwisho kazini waliniletea keki na soda, na msimamizi wetu akasoma hotuba aliyokuwa ameiandika kwenye simu. Kabla keki haijagawanywa, kijana wa meza ya pili aliinamia skrini yangu, akaona mstari uliokatika vibaya, akasema, "Mama Rodah, uko na ochieng hapo chini. Ngoja niitoe." Wenzake wakaangua kicheko, maana si kawaida Mama Rodah kukutwa na ochieng. Nami nilicheka nao. Halafu keki ilipogawanywa, yangu nikaifunga kwenye karatasi, nikasingizia kwamba soda imenishibisha.

Kwa asiyeifahamu kazi yetu: hapa Eldoret, katika vyumba tunamopanga kurasa za vitabu, majarida na kadi za harusi, neno likikatwa mahali pabaya mwishoni mwa mstari huitwa ochieng. "Toa hiyo ochieng." "Nani alipiga ochieng kwa bango la kanisa?" Vijana wanadhani ni Sheng tu, neno lililookotwa njiani kama mengine. Ni jina la mtu. Alikuwa mwalimu wangu, alikuwa msomaji mzuri kuliko wote niliowahi kukaa nao meza moja, na lile kosa lililofanya jina lake ligeuzwe neno hakulifanya yeye. Nimelijua hilo miaka yote hii. Ndiyo maana naandika.

Nilianza kazi katika miaka ya chama kimoja, nikitoka chuo cha kupiga taipu. Kwetu ni karibu na Moi's Bridge, watu wa mahindi, na baba yangu alikuwa amesema kwamba msichana anayejua taipu hawezi kukosa kiti popote. Kiti nilichopata kilikuwa katika kiwanda cha uchapaji cha Mama Tabitha, mjane aliyeachiwa mashine na mumewe na akakataa kuziuza, ingawa mashemeji walimshauri afuge ng'ombe. Kiwanda kilikuwa nyuma ya soko: chumba kimoja kirefu chenye harufu ya mafuta ya taa na wino, masanduku ya herufi za risasi ukutani, mashine mbili za kuchapa, na juu ya mlango ile picha ya rais ambayo kila biashara ilitakiwa kuwa nayo. Mama Tabitha aliifuta vumbi kila asubuhi kabla ya kufuta meza yake.

Nilidhani nimeajiriwa kupiga taipu. Mama Tabitha akanipeleka hadi kwenye meza ya mwisho, alikokuwa ameketi mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. "Huyu ni Mzee Ochieng'," akasema. "Utakuwa unamshikia karatasi." Nikafikiri ni mzee anayetetemeka mikono.

Kumshikia msomaji karatasi, kumbe, ni kazi yenyewe. Wawili mnaketi mkitazamana. Mmoja ana maandishi ya mteja, mwingine ana prufu, yaani ile karatasi ya kwanza ya majaribio. Wa kwanza anasoma kwa sauti kila kitu kilichoandikwa, hata alama, na wa pili anafuata kwa ncha ya kalamu. Nukta ilisomwa nukta. Koma tuliiita mkia. Ile alama inayokaa juu, kama ya ng'ombe, walimu huiita ritifaa, lakini Mzee aliita tone. Kwa hiyo jina lake mwenyewe lilisomwa "Ochieng, tone," na ole wako ukisahau tone. "Bila hiyo," alisema, "huyo ni mtu mwingine. Mpelekee yeye mshahara."

Siku ya kwanza aliniambia nisome. Nikasoma tangazo la mnada wa ng'ombe, na baada ya mistari michache akaniinulia mkono. "Rodah, hapo ni 'bei' au 'pei'?" Sisi watu wa huku, b na p hubadilishana nyumba bila kumuuliza mtu. Nikaona haya. Akasema nisijali, tubadilishane, asome yeye. Akasoma, na kila "sh" ikatoka "s". Shamba likawa samba, shule ikawa sule. Nikajikaza nisicheke, nikashindwa. Yeye akacheka kunizidi. "Unaona? Wewe uko na shida yako, mimi niko na yangu. Tukiweka pamoja tunapata msomaji mmoja mzima." Tukakubaliana: kila akifika kwenye "sh" angegonga meza kwa kifundo cha kidole, nami nijue. Hivyo ndivyo tulivyosoma miaka yote. Wageni waliosimama mlangoni walidhani mzee yule anapiga ngoma.

Kanuni zake za kukata maneno alinifundisha kwa mdomo, kidogo kidogo, mara nyingi huku akitafuna muhogo. Jina la mtu halikatwi. Cheo hakikatwi. Neno linalogeuka aibu likikatwa halikatwi hata kama mstari utaharibika, utafute nafasi kwingine. Mfano wake alioupenda ulikuwa wa kijitabu fulani cha nyimbo za kanisa, kilichochapwa kwingine, ambapo waumini waliambiwa waziwazi kwa herufi kubwa kwamba ni vizuri "kunya-", na walipogeuza ukurasa ndipo wakakuta "maza". Alisema kwaya ile haikuweza kuimba hadi Pasaka. "Kunyamaza haikatwi," aliniambia. "Na mbunge hakatwi. Ukimkata mbunge, unapata nini?"

Nikafikiri. Mbu. Nge.

"Mdudu wa kwanza anakunywa damu, wa pili anakuchoma," akasema Mzee Ochieng', kwa sauti ya chini, akitupa jicho juu ya mlango kwenye picha. "Watu watasema umefanya makusudi."

Katika risasi ilikuwa rahisi kumtii. Kila herufi ilikuwa kipande cha chuma mkononi mwako, na kila nafasi kati ya maneno ilikuwa kipande kingine, chembamba au kinene. Mteja akitaka kuongeza neno moja, ulitoa vipande, ukasukuma, ukavuta kutoka mstari wa chini, na kila kilichosogea ulikisogeza mwenyewe. Huwezi kumkata mbunge bila vidole vyako kujua. Wino ulikaa kwenye kucha hadi Jumapili na mgongo uliniuma, sisemi ilikuwa raha. Nasema tu kwamba ilikuwa inaonekana.

Halafu ikaja kompyuta. Mama Tabitha alisikia kwamba viwanda vya Nairobi vinapanga kurasa kwenye kioo, akauza kipande cha shamba la Burnt Forest, na baada ya barua na vibali visivyoisha ikafika ndani ya masanduku mawili, pamoja na printa nzito na kijana mtanashati wa kutufundisha, Bwana Julius. Tuliifunika kitambaa cha kufumwa kwa mkono, kama redio ya sebuleni. Stima ikipotea, na Eldoret ilipotea kila ilipojisikia, kazi yote ambayo hujaihifadhi ilikwenda nayo. Nilijifunza kuhifadhi kila baada ya aya, na tabia hiyo bado ninayo: hata nikiandika barua ya kanisa mkono wangu hutafuta kitufe.

Mngetarajia niseme kwamba Mzee aliichukia. Hapana. Aliipenda kama mtoto. Alivuta kiti, akamwomba Bwana Julius akuze herufi moja hadi ijae kioo, akaitazama "g" ile kwa muda mrefu akasema, "Miaka yote nimekuwa nikiifanyia kazi na sijawahi kuiona tumbo." Alitaka kuonyeshwa kila chombo cha programu ile: cha kupanga safu, cha kuzungusha maandishi kando ya picha, cha kubadilisha aina ya herufi ukurasa mzima kwa kubonyeza mara moja. Kisha Bwana Julius akamwonyesha chombo kinachokata maneno chenyewe mwisho wa mstari. Hapo Mzee akavua miwani.

"Nani alikifundisha kukata?"

"Kimekuja hivyo kutoka ng'ambo, Mzee. Ni automatic."

"Basi kinakata Kizungu."

Ilikuwa kweli. Programu ile ilijua Kiingereza tu. "Watoto" iliwakata "wat-oto", "wanafunzi" ikawafanya "wan-afunzi". Ng'ombe ilimwona amekwisha pale kwenye tone, ikaacha kichwa mstari mmoja na mwili mstari mwingine. Tungeweza kukizima chombo kile, lakini safu zetu zilikuwa nyembamba, na bila kukata maneno nafasi nyeupe zilitiririka katikati ya ukurasa hadi macho yakapotea. Basi tukakiacha, na Mzee akasahihisha kwa kalamu nyekundu, nasi tukarudi kwenye kioo kurekebisha.

Bwana Julius alikuwa mtu mwema, asilaumiwe na yeyote zaidi ya hapa ninapomlaumu. Alituambia kwamba ndani ya programu kulikuwa na mahali pa kuandika maneno ambayo hutaki yakatwe kamwe. Ukiliandika hapo, mashine inaliruka. Mzee alifurahi sana. Alimtajia papo hapo: mbunge, kunyamaza, Mtukufu, na mengine. "Tutayaweka, Mzee," akasema Bwana Julius. "Wacha kwanza tumalize hii kazi iko mezani." Baada ya kazi ile ikaja nyingine. Mzee aliuliza tena, na tena akajibiwa vizuri. Nikiulizwa leo ni nini ninachokijutia zaidi katika miaka yangu yote ya kazi, si kitu kikubwa. Ni hicho: kwamba jambo la kufanywa kabla chai haijapoa lilingojea kesho.

Kazi iliyotuponza ilikuwa jarida la harambee ya shule moja ya sekondari upande wa kwetu. Mgeni wa heshima alikuwa mbunge wa sehemu hiyo. Mimi na Mzee tulilisoma jarida lote kwa sauti, ukurasa kwa ukurasa, yeye akisoma na kugonga meza, mimi nikifuata kwa kalamu. Ukurasa wa kumkaribisha mgeni nauona hadi leo. Mbunge alikuwa mwisho kabisa wa mstari, amebanana na ukingo, lakini mzima. Mzee alisimama hapo, akaichungulia prufu yangu. "Amekaa pabaya," akasema, "lakini amekaa." Akatia sahihi.

Siku ya kutengeneza plati, yale mabamba ya kuchapia, akaja katibu wa tawi la chama, mtu mnene mwenye beji kwenye koti, kuona kama kazi inaendelea. Mimi na Mzee tulikuwa chumba cha nyuma tukikata majalada. Yaliyotokea mbele niliyasikia baadaye kwa Bwana Julius mwenyewe, akilia. Katibu aliusoma ukurasa wa ukaribisho, akasema hauna upendo. Pale palipoandikwa "mgeni wetu wa heshima" alitaka iwe "mgeni wetu mpendwa wa heshima". Bwana Julius akamwambia Mama Tabitha kwamba ukurasa ukiguswa lazima urudi kwa Mzee. Mama Tabitha akatazama saa, akamtazama katibu. "Ni neno moja tu, Julius. Weka."

Akaliweka. Kwenye kioo neno linapoingia, maandishi mengine husogea yenyewe, kimya kimya, bila kumgusa mtu bega. Mpendwa aliingia, mbunge akasukumwa, na ile mashine iliyokuwa imetukatia kila neno la Kiswahili ovyo, safari hii ikakata sawasawa kabisa, kwenye silabi, kama mwalimu wa shule ya msingi angetaka:

mgeni wetu mpendwa wa heshima, mbu-
nge wetu mchapa kazi

Huenda asingeona mtu. Wangapi husoma jarida la harambee? Lakini shule ina wavulana, na wavulana wanaopangwa juani wakiwa na jarida mkononi husoma kila kitu. Mheshimiwa aliposimama kuhutubia, kutoka mistari ya nyuma ukaanza mvumo mdogo. Zzzz. Mwalimu mkuu akageuka, ukanyamaza. Mheshimiwa akaendelea. Zzzz. Wanasema alijipiga shavu kwa mkono bila kufikiri, kama mtu anayeua mbu, na hapo uwanja mzima ukapasuka.

Katibu alirudi kiwandani wiki ile akiwa na wanaume wawili wenye makoti marefu ambao hawakusema majina yao. Akaliweka jarida mbele ya Mama Tabitha.

"Mama, hebu soma hapa. Kwa sauti."

"Mgeni wetu mpendwa wa heshima, mbu..."

"Endelea."

"Nge," akasema Mama Tabitha.

"Kwa hivyo mheshimiwa ni mbu? Na tena ni nge?"

"Si sisi, katibu. Ni kompyuta. Inakata maneno yenyewe."

"Kompyuta imetoka wapi?"

"Ng'ambo."

"Inajua Kiswahili?"

"Haijui hata kidogo."

"Sasa kama haijui Kiswahili, mbu iliijulia wapi? Nge iliijulia wapi?" Akatugeukia sisi sote. "Hii ni mtu. Mtu mwenye anajua Kiswahili vizuri sana amekaa hapa akapanga hii matusi."

Bwana Julius alikuwa amesimama kando ya kile kitambaa cha kufumwa, rangi imemtoka, na mke wake alikuwa amejifungua majuma machache kabla. Mama Tabitha aliitazama sakafu. Neno mpendwa lilikuwa la katibu mwenyewe, na kila mtu aliyekuwa chumba cha mbele siku ile alilijua hilo, katibu akiwa wa kwanza. Nani angelisema?

Mzee Ochieng' alitoka kwenye meza ya mwisho akijifuta mikono kwa kitambaa. "Msomaji hapa ni mimi," akasema. "Kila karatasi inayotoka kwa huu mlango, mimi ndiye nimeisoma."

"Wewe ni mtu wa wapi, Mzee?"

"Wa hapa hapa Eldoret. Nimekaa huu mji kabla mtaa wa Pioneer haujajengwa manyumba."

"Sijauliza unakaa wapi."

Mzee akavaa miwani yake. "Naitwa Ochieng'."

"Hiyo ndiyo nilikuwa nangoja," akasema katibu. "Nilijua tu ni watu wa ziwani."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa nimeushika ukurasa ule kwa mikono yangu, nilimwona mbunge akiwa mzima, na sahihi ya Mzee iko chini yake. Nikasema, "Lakini Mzee, sisi tulipo..." Yeye hakugeuza hata kichwa. Aligonga meza mara moja kwa kifundo cha kidole. Kwa wale wengine ilikuwa ni mzee amegonga meza. Kati yetu wawili ilikuwa na maana moja tu, miaka yote. Sh.

Wakamchukua. Walikaa naye siku kadhaa. Alirudi akitembea polepole na bila ile miwani, na hakusema walimuuliza nini. Jioni ile nilimfuata hadi mlangoni kwake, nikamuuliza kwa nini. Alinitazama kama nimesoma b mahali pa p. "Nikisema sikusoma, watauliza nani alichapa kitu haijasomwa. Julius anaenda. Mama anafungiwa kiwanda. Wewe unaenda kupanda mahindi." Akasukuma mlango. "Na tena, Rodah, mimi ndiye msomaji. Kama imetoka imekatwa, imetoka kwangu."

Sikukubaliana naye wakati ule na sikubaliani naye hadi leo. Lilikuwa jambo la heshima na lilikuwa kosa, na mimi ningetoa mengi nipate kubishana naye tena juu yake.

Mama Tabitha alimwomba apumzike nyumbani kidogo, hadi mambo yapoe. Alilia akimwambia, na najua machozi yale yalikuwa ya kweli, lakini maneno yale aliyasema. Mzee alifunga virago, akachukua mke na watoto, wakarudi kwao karibu na ziwa. Mambo hayakupoa. Nilimwambia Mama Tabitha kwamba tutafute njia ya kumsafisha Mzee jina, akanishika mkono kwa nguvu. "Rodah, nyamaza. Unataka watufungie?" Tukanyamaza. Neno zima, bila kulikata.

Siku iliyofuata kuondoka kwake, Bwana Julius aliketi akaandika yale maneno yote mahali pake ndani ya programu. Haikumchukua muda. Mbunge hajawahi kukatwa tena katika kiwanda kile. Lakini habari ilikuwa imeshatoka, kama habari zinavyotoka, kwamba kuna mzee fulani wa ziwani aliyemkata mbunge, na katika kila kiwanda cha uchapaji mjini, neno lilipokatika vibaya, mtu alicheka akasema, "Umefanya kama Ochieng'." Baadaye ikawa "umefanya Ochieng'." Baadaye ikawa ochieng, herufi ndogo, bila tone. Nililisikia likizaliwa. Mara za kwanza niligomba. Watu waliniangalia kama mtu anayegombana na mvua, na wengine walinikumbusha kwamba kuta zina masikio. Mwisho nikaacha kugomba.

Mahali pa Mzee hapakuletwa mtu. Mama Tabitha alisema programu mpya ina chombo cha kusahihisha tahajia, sasa msomaji wa nini? Niliijaribu kwa jina la Mzee. Ilinipigia mstari mwekundu, ikapendekeza niandike "Ocean". Yaani bahari kuu. Nilicheka peke yangu mbele ya kioo, halafu nikatoka nje nikasimama kwenye ukuta wa choo hadi nilipoweza kurudi. Herufi za risasi ziliuzwa kwa kilo kwa mtu wa vyuma vikuukuu. Niliketi kwenye kile kiti, nikajifunza programu baada ya programu, kila moja ikijisifu kuliko iliyotangulia, na kwa kweli nyingi zilikuwa nzuri. Siku hizi naweza kupanga kitabu kizima bila kuamka. Lakini tangu alipoondoka sijawahi kusoma prufu kwa sauti na mtu. Mara nyingi nilifikiria kupanda gari niende kumwona. Kulikuwa na kazi mezani.

Aliponijia, alikuja kwa mikono ya mwanawe. Mwaka wangu wa mwisho kazini mama mmoja aliingia akiulizia anayetengeneza vijitabu vya mazishi. Alikuwa Atieno, binti yake Mzee. Alikuja Eldoret makusudi kwa sababu baba yake alikuwa amesema kijitabu chake kisichapwe kwingine. Nilimwambia jina langu, naye akanikumbatia, akasema nyumbani walinijua kama yule msichana wa "pei".

Nilianza kupanga. Kwenye aya ya kwanza kabisa mashine ikalikata jina lake: "Ochi-" juu, "eng'" chini. Nikaenda kwenye orodha ya maneno yasiyokatwa nikaliandika, na likakaa zima. Atieno alikuwa ananitazama.

"Mama Rodah, nikuulize kitu? Ni kweli Baba alikosea? Ile ya mbunge?"

"Hakukosea. Tuliusoma ukurasa ule pamoja, mimi na yeye. Mbunge alikuwa mzima. Uliguswa baada ya yeye kuusoma."

Atieno akavuta kiti, akaketi. Kisha akasema, "Mama yetu alikufa akiamini Baba alikosea. Kila tukikosa kitu alimwambia, ungesoma vizuri tungekuwa bado Eldoret."

"Naye alijibu nini?"

"Baba? Hakuwa anajibu. Alikuwa anagonga meza tu kidogo, hivi," na akaigonga meza yangu kwa kifundo cha kidole, "halafu anaendelea na chai yake. Tulidhani ni tabia ya uzee."

Sikuweza kumweleza papo hapo. Nilimpa maandishi, nikachukua prufu, nikamwomba anisomee kwa sauti, kila kitu, hata alama. Akaanza bila kuuliza kwa nini. "Mzee Ochieng," akasoma, akasita, akaninyanyulia macho. "Tone," akamalizia. "Baba alikuwa anasoma gazeti hivyo." Nami nikafuata kwa kalamu hadi mwisho, na machozi yakaangukia karatasi ikabidi nichape nyingine.

Kwa hiyo nawaambia ninyi mliobaki pale. Najua neno likishaingia midomoni mwa watu hakuna programu ya kulitoa, na sitarajii mtaacha kwa sababu mama mmoja aliyestaafu ameandika kurasa chache. Lakini kama ni lazima lile kosa liwe na jina la mtu, basi liiteni rodah. Ni jina fupi, halina tone, na mwenyewe alikuwepo.